Sauti Tuliyoifunika



Wapendwa, kwa majuma kadhaa gari la parokia lilikuwa likinguruma kila tuliposimama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Nasi tuliongeza sauti ya redio.

Hatimaye tulifika gereji moja ya Temeke. Fundi hakukimbilia spana. Aliwasha injini, gari likiwa nyutro, akasikiliza. Alipokanyaga klachi mngurumo ulitoweka; alipoiachia ukarudi.

“Baba Paroko, hii ni beringi ya shafti ya giaboksi. Ingekuwa ya klachi, ingelia unapokanyaga. Mlianza kuisikia lini?”

Tulinyamaza. Oili ilipomwagwa ilikuwa kidogo, nyeusi, yenye chembe za chuma. Sili ilikuwa imevuja siku nyingi. Akabadili sili na beringi, akajaza oili mpya.

Tuliona haya. Kwa gari hilo huwaendea wagonjwa usiku. Lingekwama njiani, nani angempaka mafuta matakatifu anayekata roho?

Dhamiri nayo huanza kwa mngurumo mdogo, nasi huufunika kwa shughuli. Juma hili tuzime redio, tusikilize, kisha tukimbilie kitubio mapema. Mungu awabariki.