Likizo ya viraka: mwezi mmoja Njombe na cherehani ya mama

Wale mlioniandikia "nesi mbona kimya?", nipo. Nilikuwa likizo. Siku zangu 28 nimezichukua zote kwa mpigo, mwezi wa saba, nikapanda basi kwenda kwetu Njombe na kiroba cha mabaki ya vitenge niliyokuwa nakusanya kwa fundi wa jirani karibu mwaka mzima. Konda alidhani ni mzigo wa biashara, akataka nilipie. Nikamfungulia aone vipande vya inchi tano tano. Akacheka, akakiweka chini ya kiti.

Kwa wasiokujua huko, Julai Njombe si mchezo. Asubuhi unakuta majani meupe kwa sakitu, maji ya ndoo yanauma vidole, watu wamevaa makoti mpaka saa nne, saa tano. Na ndiyo kipindi cha kazi. Mahindi yanatoka shambani, maharage yameanikwa, na bondeni watu wako kwenye vinyungu wanamwagilia mboga. Kwa hiyo msinione nimekaa tu na sindano kama bibi harusi. Asubuhi napukuchua mahindi na mama mpaka vidole gumba viwake moto. Jua likishapanda, cherehani inatolewa barazani na mimi naanza yangu.

Cherehani yenyewe ni ya kukanyaga, ile nyeusi, ina umri kunizidi. Mkanda ulikuwa umelegea, ukikanyaga gurudumu la chini linazunguka na la juu limetulia. Kaka akakata kipande kidogo cha mkanda, akauunganisha tena kwa kile kiwaya chake, tukatia mafuta, ikaamka. Ninaipenda kuliko za umeme. Umeme ukikatika haina habari, na miguu ikichoka unajua ni wakati wa kwenda kunywa chai.

Mmeniuliza sana kuhusu blanketi la viraka, kwa hiyo nieleze haraka. Kwanza fua vitambaa vyote kabla hujakata, maana kitenge kipya kina ile gundi yake, kinasinyaa na kingine kinachuja rangi. Ukiruka hatua hii, siku ya kwanza kufua blanketi utalia. Kisha kata miraba ya inchi 5 kwa inchi 5. Mimi nakata kipimo kimoja kwenye boksi gumu la katoni, nazungushia chaki. Mshono acha robo inchi kila upande, kwa hiyo kila kiraka kikishashonwa kinabaki inchi 4 na nusu. La kitanda nimetumia viraka 16 kwa 18, yaani 288, likatoka inchi 72 kwa 81. Shona mistari kwanza, piga pasi, ndipo uunganishe mistari kwa mistari. Katikati nimeweka blanketi kuukuu jembamba, chini flaneli. Msitumie sufi za mito, zinajikusanya kona moja blanketi likawa na uvimbe. Ukishapanga tabaka tatu, piga bandi kwa mkono kote, ndipo upitishe mashine. Bandi inachosha, lakini bila hiyo vitambaa vinakimbiana.

Sasa blanketi hilo lilikuwa la nani? La wifi yangu, mke wa kaka.

Wifi alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alizaliwa na kilo 1.9, akakaa hospitali, akaruhusiwa. Nilipofika alikuwa na siku 12 na kilo 1.95. Mtoto mzuri, ananyonya, ila mwili mdogo vile hauna mafuta ya kutosha ya kutunza joto. Mtoto mchanga tunataka joto lake liwe kati ya 36.5 na 37.5. Huyu kwenye baridi ya Njombe ukimfungua nepi ukachelewa kidogo, miguu inakuwa kama maji ya mtungini.

Na mama yangu, bibi yake, alikuwa ameshapata ufumbuzi: jiko la mkaa ndani ya chumba cha mzazi, usiku kucha, mlango umefungwa.

Wifi akaniambia kwa upole, kama analalamikia kitu kingine kabisa, kwamba kila akiamka kichwa kinamuuma na anasikia kichefuchefu, ila akitoka nje kuota jua kinapungua. Alidhani ni uchovu wa kulea. Jamani, mimi nilisimama pale na sahani ya viazi mkononi, nikahisi baridi ambayo si ya hali ya hewa. Kichwa kinachouma ukiwa chumbani kwenye mkaa na kupoa ukitoka nje, mama zangu, hiyo si ya kusubiri. Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa ukishashika vizuri bila moshi ndiyo kwanza mtu anajiona yuko salama. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Unasinzia, huamki. Asubuhi watu wanasema familia imerogwa. Siku hiyohiyo jiko likatoka, madirisha yakafunguliwa, na kesho yake nikampeleka wifi na mtoto zahanati wakaangaliwe.

Sasa kumwambia mama yako mzazi kwamba jiko litoke ni kazi nyingine. Mama hakunijibu vibaya, alinijibu kwa hoja. "Mwanangu, ninyi wanne nimewalea na jiko ndani, nani alikufa?" Na kweli, nani alikufa? Nilikaa na swali lake usiku huo, maana sipendi kumjibu mtu mzima kwa sauti ya wodini. Halafu nikaangalia juu. Nyumba tuliyolelewa ilikuwa ya nyasi, kuta za udongo, juu kuna nafasi ya ngumi nzima kati ya ukuta na paa. Moshi ulitoka, hewa iliingia, na baridi pia tuliipata. Nyumba ya sasa kaka ameijenga kwa tofali za kuchoma, bati, silingi bodi, madirisha ya vioo yanayofunga pwaa. Nyumba imebadilika, jiko ni lilelile. Asubuhi nikamwambia hivyohivyo, tukiwa tunapukuchua. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi mtoto atapataje joto?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalitaka.

Ndipo likizo yangu ikageuka mradi wa nyumba. Dirisha la chumba kile nililishonea pazia la tabaka mbili, nje kitenge, ndani kipande cha blanketi kuukuu, la kufunga usiku na kufungua mchana jua liingie. Chini ya mlango kulikuwa na uwazi wa kupitisha paka. Nikashona kitu kirefu kama soseji, tukakijaza vitambaa chakavu, kinalazwa pale. Watoto wa jirani wakakiita nyoka. Dirisha la juu tukaliacha wazi kidogo, hewa lazima ipite. Kabla wifi hajapanda kitandani, chupa ya maji ya moto inalazwa ndani ya shuka, akiingia inatolewa. Haikai na mtoto, maana inaunguza.

Lakini hayo yote ni ya kusaidia tu. Joto lenyewe ni kifua. Kangaruu mama wengi mnaijua, ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hospitali haikuwa na mashine za joto za kutosha. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 mpaka 24 kwa siku kwa mtoto aliyezaliwa njiti au chini ya kilo 2.5. Mtoto anavaa nepi, kofia na soksi tu, anawekwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande, kidevu hakijabana kifuani. Kitambaa kinafungwa mpaka usawa wa sikio. Pua na mdomo unaviona muda wote. Wifi aliifundishwa hospitali, ila alipofika nyumbani akaiacha, kwa sababu mgongo wake ulikuwa unapigwa baridi na hakuwa na kitu cha kujifunika kisichomziba mtoto.

Hapo sasa ndipo viraka 288 vikapata kazi. Blanketi ni la mama, la mabegani na mgongoni, linaishia chini ya kichwa cha mtoto. Anakaa ameegemea mito, si kulala chali kabisa. Wifi akaanza kuvaa blanketi mchana kama joho, anatembea nalo mpaka jikoni, ua zima linajua malkia anakuja.

Na kaka? Kaka alikataa siku tatu. Siku ya nne wifi alitaka kuoga na kuosha nywele, mtoto akakabidhiwa baba, shati likafunguliwa. Alikaa barazani saa mbili bila kutikisika, hata simu hakupokea. Rafiki yake alipita akaanza utani. Kaka akamwambia apunguze sauti, mtu amelala.

Kuna dada aliniuliza kama amshonee mwanae blanketi zito la viraka la kwenye kitanda chake. Kabla ya mwaka mmoja, hapana. Mtoto alale chali, godoro gumu, bila mto, bila blanketi nene linaloweza kumfunika uso. Mshonee la kutandika chini achezee. Mimi nilimshonea huyu la viraka 9 kwa 10, yaani 90, linatoka kama inchi 40 na nusu kwa 45. Linasubiri kabatini mpaka aanze kujigeuza.

Siku mbili kabla sijarudi kazini tulimpima zahanati, kilo 2.7. Wiki hiyohiyo alianza kukataa kufungwa kifuani, anapiga mateke, anatoa mkono nje ya kitenge, anakunja uso mpaka afunguliwe. Wifi akaniangalia kwa wasiwasi. Nikamwambia mfungue, joto lake sasa analo mwenyewe. Mama alikuwa pembeni anachagua maharage. Akauliza kama kiroba bado kina vitambaa, maana jirani wa upande wa bondeni anajifungua mwezi wa nane, na nyumba yao nayo ni ya silingi bodi.

Vilibaki. Nimemwachia na kile kipimo cha katoni.