Maziwa na Vumbi la Mawe

Walimu twawasikia kila siku wakiwakumbusha wazazi kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nasi tulipokuwa wazazi wapya tuliitamka methali hiyo kwa majivuno, tukidhani kwamba mkunjaji ni mzazi peke yake. Maisha ya Michelangelo Buonarroti, mchongaji mkuu wa Italia katika zama zile za mwamko wa elimu na sanaa za Ulaya, ndiyo yaliyotutia shaka. Nayo shaka ilitufikia tukiwa tumekwisha kukosa.

Mtu huyu alizaliwa tarehe 6 Machi, 1475, katika mji mdogo wa Caprese. Baba yake, Lodovico, alikuwa mtumishi wa dola ya Florence, aliyepelekwa huko kwa muda mfupi awe hakimu na mtawala wa mahali. Hakuwa tajiri. Ukoo wake ulikuwa umepungukiwa na mali, ukabakiwa na jina. Na yeyote aliyekaa ofisini miaka mingi anajua jinsi mtu mwenye jina tupu anavyolilinda. Jamaa hao waliporudi Florence, mtoto alipelekwa kunyonyeshwa Settignano, kijiji cha vilimani karibu na mji, ambako walikuwa na shamba lao. Mama aliyemnyonyesha alikuwa binti wa mchonga mawe, tena mke wa mchonga mawe. Kijiji hicho kiliishi kwa machimbo, na mlio wa nyundo juu ya tindo ulikuwa kwao kama kwetu mlio wa kinu na mchi.

Baadaye Michelangelo alimwambia rafiki yake Giorgio Vasari, aliyeandika habari za maisha ya mafundi wa Italia, kwamba nyundo na tindo alizinyonya pamoja na maziwa ya mama huyo. Alisema kwa mzaha. Lakini sisi wa pwani hatuwezi kuucheka tu mzaha huo, kwani kwetu walionyonya ziwa moja ni ndugu, wala hawaoani. Maziwa yana nasaba yake.

Mama yake mzazi alifariki mwaka 1481, mtoto akiwa na miaka sita. Katika kazi zake za kwanza zilizobaki mna bamba la marumaru alilolichonga akiwa kijana wa miaka kama kumi na sita hivi. Bi Mariamu ameketi penye ngazi akimnyonyesha mwanawe, lakini uso wake watazama mbali, na mtoto ametupa kisogo. Hatupendi kubahatisha mno juu ya moyo wa mtu aliyekufa zamani. Twasema tu kwamba kila tunapoitazama picha ya bamba hilo twamwona mama aliyepo na asiyekuwapo.

Lodovico alimtia mwanawe katika shule ya sarufi ya Francesco da Urbino, akitumaini atapata kazi ya heshima. Mtoto akawa anachora. Rafiki yake aliyemzidi umri, Francesco Granacci, akamletea michoro kutoka karakana ya mchoraji Domenico Ghirlandaio. Baba na ndugu za baba wakampiga, tena mara nyingi, kwani kwao kazi ya mikono ilikuwa aibu kwa ukoo. Hatimaye mzee alichoka. Mwaka 1488, kijana akiwa na miaka kumi na mitatu, aliandikishwa kwa Ghirlandaio kwa mkataba wa miaka mitatu, na fundi ndiye aliyekubali kumlipa mwanagenzi, florini 24 kwa muda wote huo. Huenda fedha hizo zilimtuliza mzee kidogo.

Hakumaliza miaka hiyo. Alichukuliwa na Lorenzo de' Medici, mkuu wa Florence, aliyekuwa na bustani yenye sanamu za kale, akakaa katika nyumba yake hadi Lorenzo alipofariki mwaka 1492. Yasimuliwa kwamba Lodovico alinung'unika kuwa mwanawe asingekuwa mpasua mawe, ikawa kazi kumweleza tofauti ya mpasua mawe na mchongaji. Kisha, alipoulizwa yeye mwenyewe ataka nini, akaomba kazi katika forodha! Tulipoyasoma hayo tulicheka, kisha tukanyamaza, maana tulijiona.

Basi nani aliyemkunja samaki huyu? Mapigo hayakumwondoa katika jiwe. Mwaka 1505 alikaa miezi zaidi ya minane katika machimbo ya Carrara akichagua marumaru kwa ajili ya kaburi la Papa Julius wa Pili. Papa huyo alipomtaka apake rangi dari la kanisa la Sistine, kazi ya mwaka 1508 hadi 1512, alilalamika kwamba yeye si mchoraji. Lakini baba naye hakupita bure. Michelangelo aliwatunza baba na ndugu zake kwa fedha zake, na uzeeni, mwaka 1548, alimwandikia mpwawe amwambie padre asiandike tena neno “mchongaji” juu ya barua anazomletea, kwa kuwa yeye hakuwa fundi wa kufungua duka. Hiyo ni sauti ya Lodovico kabisa, imetoka kinywani mwa mwana.

Kitabu chenye habari hizi tulikipata miaka minne baada ya jambo letu. Mwanetu wa pili alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliporudi kutoka ofisini tuliukuta ukuta wa uani umejaa michoro ya mkaa: mbuzi wa jirani, mwanamke na tenga la samaki kichwani, na sisi wenyewe tumesinzia kitini, kinywa wazi. Kilichotukasirisha hasa, tukisema kweli, ni kile kinywa. Tulimchapa, tukampa ndoo ya chokaa aufute ukuta, tukamwambia mtihani u karibu. Sisi ambao usiku tulikuwa tukitunga mashairi. Hatukumwuliza amejifunza wapi. Baadaye mama yake alitueleza kwamba siku tulizokuwa safarini kikazi mtoto alishinda kwa fundi wa milango ya nakshi, mtaa wa pili, akimtazama akichora maua juu ya mbao kabla ya kutia patasi.

Kijana huyo sasa ni mhasibu, na kazi yake aifanya vyema. Mwaka jana alipotutembelea tulimfungulia kitabu penye picha za wale watumwa wa Michelangelo, sanamu zilizokusudiwa kaburi la Papa zikaachwa kabla ya kumalizika, nusu ya miili ingali imo ndani ya jiwe. Aliziangalia kwa muda mrefu. Akauliza jiwe hilo lina ugumu gani, na kama tindo yake ni kama zile za mafundi wetu. Kisha akatazama saa yake, akaaga.