Taa wa mtoto, taa wa baba

Ilikuwa yapata saa tano za usiku, siku ya shule. Baba alipofungua mlango wa chumba cha mwanawe alikuta mwanga wa kompyuta ukimulika uso wa kijana wa miaka 14 aliyepaswa kuwa amelala tangu saa tatu. Wiki hiyo hiyo ripoti ya muhula ilikuwa imefika nyumbani: alama za hisabati zimeshuka, na mwalimu ameandika kwamba mtoto anasinzia darasani. Baba alikuwa ameshaonya mara mbili. Usiku ule hakuja kuonya.

"Baba, dakika moja tu," kijana akasema bila kugeuka. "Nikizima sasa kazi ya leo inaharibika, na taa simpati."

"Taa gani? Balbu?"

Kijana akamwonyesha kwa kidole. Kwenye kioo palikuwa na samaki bapa, mabawa mapana, mkia mrefu kama kamba. Hakuwa baharini. Alikuwa akielea angani, akipiga mabawa polepole juu ya milima.

Baba ni mtoto wa mvuvi wa Tanga. Mkono uliokuwa umeinuliwa ukashuka wenyewe.

"Zima, ulale," akasema. "Tutazungumza kesho." Mtoto alilala. Yeye hakulala.

Kesho yake aliuliza, na kwa mara ya kwanza akasikiliza. Gemu hiyo ni World of Warcraft, iliyotoka Marekani mwaka 2004. Januari 2007 iliongezewa nchi mpya iitwayo Outland, dunia iliyopasuka vipande vinavyoelea katika giza, na huko ndiko wanakoishi taa wanaoruka. Mchezaji hawezi kumpanda taa kwa kutaka tu. Lazima awatumikie walinzi wa angani wa Sha'tari: aokoe mateka wao, ateketeze mayai ya ndege wanaowasumbua. Kazi hizo hutolewa mara moja kwa siku, na kila moja humwongezea heshima kidogo. Akifika daraja la juu kabisa ndipo huuziwa taa, na rangi ziko tano. Kijana alikuwa anamtaka wa zambarau. Alikuwa kazini kwa wiki kadhaa.

Taa wa baba ni mwingine. Nyumbani kwao, nyuma ya mlango, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ulining'inia mkia wa taa uliokaushwa. Watu wa pwani wanaujua. Ni mjeledi usiokatika, na ngozi yake ina chembe ngumu kama msasa. Kwa ripoti mbaya, kwa mbuzi aliyepotea, kwa kuchelewa chuoni, mkia ulishushwa. Wengine wakisikia neno taa hukumbuka kitoweo cha nazi. Yeye hukumbuka msumari.

Likizo ilipofika, baba na mwana walikwenda Tanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuwa mrefu!"

Jioni hiyo kijana alimwonyesha babu picha za taa kwenye simu. Mzee aliisogeza simu, akaiweka mbali, akaisogeza tena, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Huyu kapewa mbawa za kweli!" Kuanzia hapo hawakuachana. Babu alimweleza kwamba taa hana mfupa hata mmoja, ana gegedu tupu kama binamu yake papa. Macho yake yako juu na mdomo uko chini, na nyuma ya macho ana matundu ya kuvutia maji anapokuwa amejifukia mchangani. Hatagi mayai, huzaa watoto wakiwa hai. Mwiba ulio mkiani una meno yanayotazama nyuma, na una sumu.

"Lakini si mkorofi," babu akasema. "Hukuchoma ukimkanyaga. Ukiingia maji mafupi usinyanyue miguu, iburute. Atakusikia, ataondoka."

Babu mwenyewe aliwahi kuchomwa kisiginoni. Mguu wake ulitiwa kwenye maji ya moto, kiasi ngozi inavyoweza kuvumilia bila kuungua, mpaka maumivu yakapungua, ndipo akapelekwa zahanati kutolewa vipande vya mwiba. "Ukiingia kifuani au tumboni usiuchomoe," akaongeza. "Mkimbizeni mtu hospitali nao hivyo hivyo."

Kijana akatazama nyuma ya mlango. "Na mkia huo, babu? Wa nini?"

"Huo ni mjeledi."

"Ulikuwa unampiga nani?"

Mzee hakujibu upesi. Baba, aliyekuwa amekaa kizingitini, aliacha kumenya chungwa.

"Nilimpiga baba yako," babu akasema hatimaye. "Nami nilipigwa na baba yangu. Nikadhani ndivyo mtoto anavyofunzwa."

"Ndiyo maana alisoma?"

"Muulize mwenyewe."

Baba alilitazama chungwa mkononi. "Nilisoma ili niondoke nyumbani," akasema.

Hakuna aliyeongeza neno. Babu hakuomba radhi, na hakuna aliyetarajia aombe. Lakini asubuhi, walipoamka kwa chai, nyuma ya mlango palikuwa na msumari mtupu. Hakuna aliyeuliza mkia umekwenda wapi.

Waliporudi Dar es Salaam, kompyuta ilihamishiwa sebuleni. Gemu ni Ijumaa jioni na Jumamosi, na saa tatu za usiku ni kulala, bila mjadala. Kijana alinuna siku mbili. Kisha baba akamuuliza jambo lililokuwa likimsumbua: anayeweza kurudia kazi ile ile kila siku kwa wiki kadhaa, inakuwaje ashindwe hesabu kumi?

"Kule unaona umepanda kiasi gani," kijana akajibu. "Hesabu sioni."

Basi wakabandika karatasi kwenye friji. Kila siku akimaliza hesabu zake, anatia alama. Miujiza haikutokea. Muhula uliofuata hisabati ilipanda kidogo tu, na mara mbili baba alipaza sauti kuliko alivyokusudia. Lakini mwalimu hakuandika tena kwamba mtoto anasinzia.

Jumamosi moja jioni kijana aliita kwa sauti kutoka sebuleni. Amefika daraja la juu. Taa wa zambarau alikuwa mbele yake, anasubiri kupandwa, na hakutaka kumpanda peke yake bila mtu kuona.

Baba alivuta kiti, akaketi.