Umusambi wa Uani

Mtu anayetafuta ndege adimu hapa Rusizi haendi Nkombo. Hudamka usiku akapanda gari kwenda Nyungwe, msitu wa mlimani wenye aina zaidi ya 300 za ndege, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Humo wamo ndege ambao huwapati popote duniani isipokuwa katika milima hii inayopakana na Bonde la Ufa la magharibi, na wageni huvuka bahari kuja kuwaona. Nkombo, katika Ziwa Kivu, ni kisiwa cha watu. Migomba, mihogo na maharagwe vinashuka hadi karibu na maji, nyumba zimesogeleana, na utatembea sana kabla hujafika mahali ambapo husikii mtoto, mbuzi au redio.

Sisi tulikwenda Nkombo kwa sababu ya magoti ya mzee. Kikundi chetu cha watazama ndege ni kidogo: yumo muuguzi, yumo kijana anayesomea utalii, yumo mzee mmoja mstaafu wa serikali, nami mwalimu wa Kiswahili. Magoti ya mzee hayayawezi tena materemko ya Nyungwe. Kwa hiyo Jumamosi ile ya Novemba, mvua ikiwa imetupa nafasi, tuliteremka kutoka Kamembe hadi mwaloni, tukavaa majaketi ya kuokolea yanayonuka samaki, tukapakiwa katika boti moja na magunia ya unga na kina mama waliokuwa wanarudi kutoka sokoni. Kina mama walizungumza Kihavu, lugha ya kisiwani ambayo ni jamaa ya Kishi cha ng'ambo ya Bukavu. Sisi tukabaki na Kiswahili chetu cha Kamembe, ambacho hakuna aliyekishangaa.

Kijana alikuwa na darubini mpya na programu ya eBird katika simu, ile ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambamo watu wa dunia nzima huandika ndege waliowaona. Kila alipomwona ndege ambaye hajawahi kumwandika, aligusa simu kabla ya kumtazama mara ya pili. Mnandi aliyekaa juu ya mti akianika mabawa: ameandikwa. Mdiria mweusi kwa mweupe, aliyesimama hewani akipiga mabawa palepale kabla ya kujitupa majini: ameandikwa, na kijana tayari anaangalia kwingine, wakati mdiria ndiyo kwanza anaibuka na samaki.

Nahodha alikuwa na namna yake ya kuwajua. Alituonyesha mwewe waliokuwa wanazunguka juu ya maji upande wa kaskazini, akasema huko kuna wavuvi wa samaki aina ya sambaza waliochelewa kurudi. Hatukuona chombo chochote. Baada ya kuipita rasi moja tukaiona: ile mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, nyavu zikiwa zimeshapandishwa, na mwewe wakishuka mmoja mmoja kudaka kilichoanguka. Ziwa lilikuwa halijafunguliwa siku nyingi. Kila mwaka uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa muda wa miezi miwili hivi ili samaki wazaliane, na nahodha alisema katika miezi hiyo mwewe huhamia sokoni na kwenye majalala ya mjini, wakawa wezi wa nyama. “Wakirudi majini, na mimi najua nimepata kazi,” alisema.

Nilipenda hesabu yake hiyo. Sambaza wenyewe si wenyeji wa Kivu; waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa kuwa ziwa hili lenye kina cha zaidi ya mita 470 lilikuwa na aina chache mno za samaki. Huku juu kuna hewa na uhai. Chini kabisa kuna maji mazito yaliyojaa gesi ya methani, hapaishi samaki. Katika tabaka lile jembamba la juu sambaza wakastawi, wakazaa kazi ya usiku, taa, nyimbo za wapiga makasia, soko la alfajiri na riziki ya mwewe. Nahodha hakuwa na haja ya kumwandika mwewe popote. Alikuwa anaishi naye.

Kisiwani tulipandisha njia ya udongo mwekundu. Yangeyange walikuwa wanafuata mbuzi, mnana wameutundikia mgomba mzima vikapu vya viota, mbayuwayu wanapita chini kwa chini. Wengi wa mbayuwayu hao, kwa miezi hiyo, ni wageni kutoka Ulaya waliokimbia baridi. Karibu na kila bati na kila mtaro wa maji alikuwapo yule ndege mdogo mweusi kwa mweupe anayetikisa mkia kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kwa Kinyarwanda ni inyamanza. Kijana alimruka. Alikwisha kumwandika zamani, kwenye ukuta wa nyumba yao Kamembe.

“Mnawapita ndugu zangu bila salamu,” mzee akasema.

Kwa asiyejua, koo za Rwanda kila moja ina mnyama wake. Abanyiginya wana umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu. Abasinga wana mwewe, sakabaka. Abega wana chura. Mzee wetu ni wa Abagesera, na mnyama wa Abagesera ni inyamanza. Nyumbani kwao, alisema, mtoto aliyemrushia jiwe inyamanza alichapwa, na inyamanza akiingia ndani hafukuzwi; husubiriwa atoke mwenyewe. Muuguzi, ambaye ana ulimi, akamuuliza kama huko kwao walimheshimu hivyo na umusambi. Mzee akanyamaza kwanza. Halafu akatusimulia habari iliyokuwa, kwangu mimi, ndiyo safari yenyewe.

Miaka mingi iliyopita, alipokuwa akifanya kazi mbali na hapa, alinunua kinda la umusambi kwa vijana waliolitoa kinamasini. Wakati huo lilikuwa jambo la heshima. Bustani za hoteli zilikuwa nao, nyumba za wakubwa zilikuwa nao. Umusambi ni dalili ya utajiri na umri mrefu, na mgeni akiingia uani akamkuta anatembea kwenye majani alijua amefika kwa watu. Mzee alimpenda ndege wake. Alimpa mahindi kwa mkono wake, alimwamkia kabla ya kuwaamkia watoto, na mkewe alilalamika nusu kwa utani. Alimkata manyoya ya bawa moja asiruke. Manyoya huota tena. Ndiyo maana mkasi haukupumzika.

“Alikuwa anacheza,” mzee alisema. Makorongo wenye taji hucheza ngoma wakiwa wawili wawili: huinama, huruka, hufungua mabawa. Wa mzee alimchezea yeye, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumchezea. Wageni walipiga makofi.

Halafu ikaja kampeni ya kuwasajili na kuwakusanya makorongo wa majumbani. Nyuma yake alikuwapo daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, aliyepata tuzo ya Rolex mwaka 2014 kwa kazi hiyo, na ambaye baadaye alianzisha shirika la kuhifadhi wanyamapori wa Rwanda. Walioweza kupona walipelekwa Hifadhi ya Akagera wakajifunze tena kuwa ndege. Waliovunjika mabawa au kukatwa pasipoota tena waliwekwa katika Kijiji cha Umusambi, Kigali, hekta 21 za majani na maji, ambako unaweza kwenda ukawaona leo. Mzee alimkabidhi wake. Hakutaka kutuambia alipelekwa kati ya sehemu hizo mbili, nasi hatukumuuliza.

Nimeifikiria sana habari hii, pengine kuliko alivyokusudia. Umusambi hakumalizwa na watu waliomchukia. Vinamasi vililimwa, hilo ni kweli, na ni sababu kubwa; lakini walioingia vinamasini kuchukua makinda walitumwa na mapenzi ya watu kama mzee wetu, mpole, asiyepiga hata mbwa. Na ndege wa uani hazai. Kila nyumba iliyompenda mmoja iliondoa mmoja kinamasini. Hili ndilo linalonitisha: yale mapenzi hayakuwa ya uongo. Mzee angeapa, na angeapa kweli, kwamba hakuna aliyemtunza ndege vizuri kuliko yeye.

Kazini kwangu niliuona mkasi huo kila Januari, na nauona kila Septemba tangu kalenda ya shule ilipobadilishwa. Binti amefaulu, amepangiwa shule ya mbali, upande wa pili wa nchi. Mzazi anakuja ofisini na barua ya kuomba abaki hapa karibu. Simlaumu kwa haraka. Njia ni ndefu, nauli ni kubwa, na hofu ya mzazi wa binti ina sababu zake. Lakini huwa naitazama ile barua nikijiuliza inamlinda nani, na mara nyingine nadhani mzazi anataka tu asikie nyayo za mtoto uani jioni. Ni haja halali. Manyoya nayo yanaota.

Hapo ningeweza kuihukumu na ile orodha ya kijana: kwamba kuandika ndege ni kumfungia simuni, na nahodha asiyeandika ndiye mwenye hekima. Siamini hivyo. Hesabu ya makorongo iliyofanywa nchi nzima mwaka 2017 ilipata 487. Ya mwaka 2023 ilipata zaidi ya 1,200. Bila watu waliokwenda Rugezi na kwenye vinamasi vingine kuhesabu kichwa kwa kichwa, tungekuwa bado tunabishana kama wanapungua au tumezeeka macho. Kuhesabu si kumiliki. Inategemea hesabu ni ya nani. Ile ya makorongo haikuwa na safu ya jina la aliyewaona kwanza.

Juu ya kilima watoto walituzunguka, wakitutazama sisi kwa bidii kuliko sisi tulivyowatazama ndege. Kijana, kwa ukarimu ambao sikuutarajia, akawapa darubini yake mpya. Msichana wa miaka tisa au kumi aliishika kwanza. Tulimwelekeza kwenye mti uliokuwa na kiota kikubwa cha fundichuma. Akautazama kidogo kwa adabu, kisha akageuka akaielekeza ng'ambo, kwenye vilima vya kisiwa cha Ijwi, akakaa huko muda mrefu, mpaka foleni nyuma yake ikaanza kugombana. Alikuwa anatafuta nyumba ya shangazi yake.

Jumapili, baada ya kulala kisiwani, tukisubiri boti ya kurudi huku mvua imeanza, kijana alitaka kuituma orodha. Akasoma majina kwa sauti, sisi tukimsahihisha. Mzee akauliza inyamanza wameandikwa wangapi. Hawakuwamo kabisa. Muuguzi akakisia thelathini, mimi nikasema wamezidi, kijana akasema hawezi kuandika namba ya kubuni. Mzee akamwambia aandike “wengi”. Programu haikubali neno. Ila, kijana akafafanua, inakubali herufi X kwa ndege aliyeonekana asihesabiwe. Akaiweka, akamgeuzia mzee simu aione.

Mzee akavaa miwani. Akaitazama X iliyokuwa imesimama kando ya ndege wa ukoo wake, akanigeukia mimi mwalimu, akataka nimweleze Abagesera wamekosa swali gani.