Urambo, kwa Mara ya Kwanza

Baba alipofariki alikuwa ameacha sigara miezi mitano tu. Alivuta tangu ujana wake hadi mapafu yakachoka, na kuacha kwake kukawa kumechelewa. Baba mdogo alitoka Urambo kwa basi akafika Dar es Salaam maziko yamekwisha. Alilia kuliko sisi sote. Siku tulipoanua tanga alinishika mkono: "Mwanangu, njoo nyumbani. Kaka aliahidi kukuleta, hakuwahi."

Nimezaliwa Temeke, nimekulia Temeke. Urambo niliijua kwa jina tu. Jambo ambalo baba hakuwahi kunisimulia, nililisikia palepale mkekani kutoka kwa wazee: babu alikuwa mkulima wa tumbaku, baba mdogo naye ni mkulima wa tumbaku, na ada iliyomsomesha baba hadi akapata kazi bandarini ilitoka kwenye majani hayo.

Nikapanga safari ya Aprili. Kwa kuwa njia ni moja, niliamua kushuka Dodoma kwanza. Bunge la bajeti lilikuwa limeanza, na shoga yangu niliyesoma naye sekondari anafanya kazi mjini pale. Akaniombea nafasi katika kundi la wageni wa mbunge mmoja. Nilitaka kuiona kwa macho yangu nyumba inayotunga sheria juu ya kitu kilichomuua baba.

Treni ya umeme haikuacha nafasi ya kuwaza sana. Morogoro ikapita, milima ikapita, mara tumefika. Nilichobaki nacho ni kijana aliyekaa mbele yangu, kiberiti mkononi, akikigeuzageuza kwa vidole njia nzima bila kuthubutu kuwasha. Tuliposhuka Dodoma alitoka karibu mbio. Nilimwona nje ya lango amefumba macho, anavuta. Baba alikuwa hivyohivyo, ana haraka ya kutoka mahali popote palipokatazwa.

Kabla ya kusafiri nilikuwa nimezisoma sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Tasnia ya Tumbaku ya mwaka 2001, iliyounda Bodi ya Tumbaku ili zao lilimwe vizuri, lipangwe madaraja na liuzwe. Ya pili ni Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayozuia kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18 na kuvuta katika maeneo ya umma. Kati ya moja na nyingine ni miaka miwili. Bunge ni lilelile, Spika ni yuleyule, Pius Msekwa. Ya kwanza ni ya Kilimo, ya pili ni ya Afya. Nilizisoma usiku mmoja, mezani kwetu Temeke, nikahisi nasoma barua mbili za mzee mmoja kwa watoto wawili, kila mmoja akiambiwa kwamba yeye ndiye mpenzi wake.

Bungeni tulikabidhi simu, tukakaguliwa, tukapandishwa jukwaa la wageni. Viti vya ukumbi vimezunguka kama nusu ya sinia. Mpambe wa Bunge akaingia na Siwa begani, wote wakasimama, dua ikasomwa, shughuli zikaanza. Mimi niliyezoea kuliona Bunge kwenye televisheni nilishangaa jinsi sauti zinavyokuwa ndogo mle ndani, na jinsi meza zinavyogongwa kwa nguvu. Tulipotajwa wageni tulisimama, wakagonga meza, tukakaa. Kisha maswali.

Swali la tumbaku lilipokuja nilisogea ukingoni mwa kiti. Mbunge wa mikoa ya magharibi alitaka kujua masoko yatafunguliwa lini na wakulima watalipwa kwa wakati au la. Jibu likatolewa. Wenzake wawili wa mikoa jirani wakasimama na maswali ya nyongeza, nao wakazungumzia bei, pembejeo, malipo. Hakuna aliyetaja kifua. Nilitazama upande wa mawaziri, nikangoja mtu wa Afya anyanyue japo uso. Swali likafungwa, tukaingia kwenye maji na barabara.

Nilikasirika, sifichi. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na mmoja wao nilimfunga shuka mimi. Nilitoka mle nikiwaza kwamba wabunge wale wamenunuliwa. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na uchungu tu, na siku ile nilidhani uchungu unatosha kuwa ushahidi.

Jioni shoga yangu alinipa jambo la kuondoka nalo. Mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa mwaka 2003. Tanzania iliusaini 2004, ikauridhia Aprili 2007. Mwaka huo kiti cha Spika alikikalia nani? Samuel Sitta, Mzee wa kasi na viwango, mbunge wa Urambo Mashariki. Nchi yetu iliahidi mbele ya dunia kupunguza uvutaji wakati Bunge likiongozwa na mwakilishi wa watu wanaoishi kwa jani hilo. "Uliza huko kwenu," akaniambia, "kama kuna anayejua Ibara ya 17 inasema nini."

Ibara ya 17 ni fupi. Inazitaka nchi zilizoukubali mkataba kuwasaidia wakulima na wafanyakazi wa tumbaku kupata shughuli nyingine za kuwalipa. Niliisoma kwenye treni ya zamani ya reli ya kati iliyotoka Dodoma na giza, Manyoni, Itigi, vichaka vimebana njia pande zote mbili kama ukuta. Alfajiri miti ikawa mirefu, ikaachana, nyasi zikaonekana chini yake, ndiyo miombo. Tabora tulikaa sana wakibadilisha mabehewa. Akina mama walipita madirishani na asali kwenye chupa za maji. Kisha tukaelekea magharibi, Usoke, na hatimaye kibao chenye jina nililolisikia tangu utotoni.

"Wangaluka," baba mdogo akanisalimu, akacheka nilivyoshindwa kuitikia.

Sasa nieleze nilichokiona, kwa maana hapa ndipo safari yangu ilipokuwa.

Bani la kukaushia tumbaku ni chumba kirefu cha matofali kisicho na dirisha. Chini yake yanapita mabomba ya bati yanayobeba joto kutoka kwenye tanuri lililo nje, ili moshi usiguse majani. Ndiyo maana zao lenyewe linaitwa tumbaku ya mvuke. Juu, kuanzia usawa wa kifua hadi kwenye paa, zimepangwa fito, na kwenye kila ufito majani yamefungwa mawilimawili, matatumatatu, yananing'inia kama popo. Moto hauzimwi takriban wiki nzima, usiku na mchana. Ukipungua, majani yanabaki na kijani; ukizidi, yanaungua; vyote viwili vinashusha daraja, na daraja ndiyo bei. Baba mdogo hulala mkekani mlangoni mwa tanuri, akaamka kila baada ya muda kusoma kipimajoto kwa tochi ya simu. Pembeni kuna lundo la magogo linalonizidi urefu. Nilimuuliza lundo lile ni la msimu mzima? Akasema hapana, la kuchoma mara chache tu. Nikaikumbuka ile miti niliyoifurahia dirishani asubuhi.

Asubuhi ya pili tulikwenda shamba kuchuma majani ya mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Jani bichi la tumbaku ni zito, lina manyoya laini, linanata. Baada ya nusu saa viganja vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na nilipolamba mdomo niliusikia uchungu. Mjukuu wa baba mdogo, mtoto wa miaka kumi na miwili, alikuwa likizo. Alibeba majani kwapani, maji yakimchuruzika ubavuni. Saa nne hivi akakaa chini ya mti, akatapika. Jasho jembamba, midomo imepauka.

"Amelewa tumbaku," mama mdogo alisema, akampangusa uso kwa ncha ya khanga. "Itamtoka. Majani yakiwa na maji ndiyo yanavyofanya."

Ndivyo ilivyo. Nikotini huyeyuka kwenye maji ya mvua na umande, ikapenya kwenye ngozi. Mtoto yule hajawahi kushika sigara. Babu yake naye hajawahi kuvuta hata moja, na nyumba nzima haina mvutaji. Mvutaji wao pekee alikuwa kaka aliyekwenda mjini.

Niliketi na mtoto hadi rangi ilipomrudia. Hasira ya Dodoma ilikuwa bado ipo, lakini sikujua tena niielekeze wapi. Wale wabunge waliouliza juu ya malipo walikuwa wanauliza kwa niaba ya huyu mama na khanga yake. Walisema kweli. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba swali la mkulima na swali la mgonjwa huulizwa kwa nyakati tofauti, hujibiwa na wizara tofauti, wakati mtoto huyu ni vyote viwili kwa pamoja. Hata kwenye kodi kuna mambo ya namna hiyo: kwa miaka mingi sigara yenye zaidi ya asilimia 75 ya tumbaku ya nyumbani imekuwa ikitozwa ushuru mdogo kuliko ile ya tumbaku ya kigeni. Mkulima ananufaika kidogo. Pafu haliulizi jani limetoka wapi.

Nchi jirani zimejaribu. Uganda ilipata sheria kali mwaka 2015 kutokana na muswada binafsi wa mbunge mmoja, daktari Chris Baryomunsi. Kenya ina sheria yake ya 2007, na kanuni zake zilipingwa mahakamani na kampuni kubwa ya sigara hadi Mahakama ya Juu ilipozithibitisha Novemba 2019. Hayo yote ni ya kusifiwa, na ningependa Dodoma iyaige. Ila kilichonigusa zaidi, baada ya kuyaona yale majani, ni habari ya Migori, hukohuko Kenya, ambako tangu 2021 wakulima wamekuwa wakisaidiwa kuhamia kwenye maharagwe yenye madini mengi ya chuma, wakapewa mbegu na wakatafutiwa mnunuzi. Hiyo ndiyo Ibara ya 17 ikiwa na mbegu mkononi.

Nilimsimulia baba mdogo. Tulikuwa mlangoni mwa tanuri, saa tano za usiku, anasukuma gogo kwa mguu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha gizani upande wa shamba la zamani. "Unajua pale Mwingereza alilima nini?" Nilijua kidogo, kutoka darasani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Matrekta yalikuja mengi, udongo na mvua vikawakatalia, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Baada ya hapo ndipo tumbaku ikachukua ardhi ile.

"Babu yako aliyaona matrekta," akasema. "Karanga hazikuwashinda kwa sababu ya udongo peke yake. Walikuja na haraka. Sisi tunazipanda kidogokidogo, zinatoka."

Siku ya kuondoka alinisindikiza stesheni kwa baiskeli, mzigo wangu nyuma, kidumu cha asali kwenye usukani. Treni ilikuwa imechelewa. Tukakaa kwenye kivuli, akatoa mfuko wa karanga mbichi zilizokaushwa na maganda yake, kilo tano hivi, akauweka mapajani mwangu. Za kipande alichokinyima tumbaku, nyuma ya nyumba. Mikono yake, hata baada ya kunawa kwa majivu na limau, ilikuwa na weusi kwenye mistari ya viganja.

"Yule rafiki yako wa Dodoma," akasema, "mwambie nimeielewa hiyo Ibara. Ni nzuri. Lakini tumbaku, mwanangu, mnunuzi wake namjua kabla sijamwaga mbegu kwenye kitalu. Mbolea ananikopesha yeye, kupitia chama chetu cha msingi. Bei yake siipendi, lakini anakuja." Akamenya karanga moja, akanipa. "Hizi nikilima ekari tatu, nani anakuja?"

Treni ikapiga honi upande wa Kaliua. Nilitoa daftari, nikaliandika swali lake kama alivyolisema, na chini yake nikaandika jina la jimbo.