Dole la mama

Mama amebangua korosho tangu usichana wake, na mafuta ya ganda lile hayana huruma. Yanababua ngozi, yanaacha weusi ambao sabuni wala ndimu haiutoi, na miaka ikienda ncha za vidole zinabaki laini kama kikombe. Ndiyo maana Januari 2020, tulipopanga foleni Masasi mjini kusajili laini kwa alama za vidole, mashine ilimgomea. Kijana wa mwavuli akasema, "Bibi, haijashika, weka tena." Akaweka. "Tena." Akapangusa dole kwa kanga, akaweka. Cha kulia, cha kushoto, tena cha kulia. Mwishowe ikasoma, tukashukuru kwelikweli, maana ikipita tarehe 20 laini zisizosajiliwa zinafungwa.

Marehemu baba asingekubali mchezo ule. Msimu wa korosho, akishalipwa na chama cha msingi, alirudi kwa njia ya nyuma, fedha zikiwa kibindoni, na hata mama hakuambiwa ni kiasi gani. Aliuliza kila mwaka. Baba alijibu neno moja, "Zimetosha," au mwaka mbaya, "Hazikutosha," kisha akaomba maji ya kunywa.

Barua ndizo zilizomshinda. Kaka yetu alikuwa Dar es Salaam, na barua zake zilipitia sanduku la posta la shule: mwalimu ampe mwanafunzi, mwanafunzi amwachie jirani, hadi ifike kwetu bahasha ilishafunguliwa na kubandikwa upya kwa uji. Habari ya kaka kuoa niliisikia kisimani kabla ya kuisoma. Lakini baba alimjua mfunguaji. Alimfuata jioni, wakafokeana mpaka majirani wakatoka nje, na msimu wa mabibo ulipoingia wakawa wanakunywa uraka kibuyu kimoja.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwetu Mtwara, msimu wa 2007/2008, baba alikuwa ameshatutoka. Baadaye malipo yakahamia kwenye akaunti, kibindo kikastaafu, na mimi nilikuwa wa kwanza kusifu. Hakuna tena wa kumvizia mama njiani, nilisema.

Msimu wa 2021 mpwa wangu akapiga picha karatasi ya malipo ya mama: majina matatu, kilo, namba ya akaunti, namba ya simu, vyote. Akaiweka kwenye status ya WhatsApp pamoja na mioyo mitatu, akaandika "Bibi yangu tajiri". Alitaka tu kumsifu bibi yake. Picha yenyewe, alijitetea baadaye, inafutika baada ya saa 24.

Haikuhitaji saa zote hizo. Kabla ya adhuhuri akapiga mtu mpole, Kiswahili chake cha ofisini, akamwita mama kwa majina yote matatu na kumtajia kilo zake bila kukosea. Malipo ya pili yamekwama, alisema; utaingia ujumbe wenye namba, nisomee. Mama akasoma, tena akamshukuru na kumwombea dua. Jioni salio lilikuwa shilingi mia nane.

Kituoni tukaambiwa tubonyeze *106#, tuone laini zilizosajiliwa kwa namba ya NIDA ya mama. Yeye ana laini moja. Zilitokea nne. Dole lililokataa kusoma pale mwavulini lilikuwa limesoma mara nne.

Namba ya yule mpole tuliituma 15040, zile laini tatu zikafungwa, fedha hazikurudi. Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika, nilimweleza mama kwamba sasa taarifa za mtu haziruhusiwi kuchukuliwa wala kutumiwa hovyo. Akanisikiliza huku akichambua mchicha. "Kwa hiyo lile dole nalo ni taarifa?" Nikasema ndiyo. Akaligeuzageuza, akacheka peke yake.

Mwaka huo huo nilimwekea hatua ya pili ya ulinzi kwenye WhatsApp, ile inayodai tarakimu sita. Akainuka na simu, akaniambia nisimfuate, akaenda kuziandika chini ya mwembe, mgongo kautupa kwangu. Aliporudi nikamwomba anitajie nami, nije kumkumbusha siku akisahau.

"Zimetosha," akasema, akaomba maji ya kunywa.