Anayemtafuta babu wa Livingstone ajiandae kwa safari

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la historia katika shule zetu anamfahamu Dkt David Livingstone, mmishenari Mskoti aliyefariki mwaka wa 1873 na maiti yake ikabebwa na kina Chuma na Susi hadi Bagamoyo. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza baba wa babu yake alikuwa nani?

Livingstone aligusia jambo hilo katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka wa 1857. Alieleza kwamba mzee huyo aliuawa katika vita vya Culloden, vilivyopiganwa Aprili 1746, na kwamba babu yake alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, magharibi mwa Uskoti. Jina la marehemu hakulitaja. Ukilitaka, itakubidi ufunge safari.

Anzia jiji la Edinburgh. Mwisho wa mashariki wa barabara ya Princes Street kuna majumba ya mawe yanayohifadhi kumbukumbu za nchi. Humo mna daftari za kale za parokia za Kanisa la Uskoti, vitabu vipatavyo 3,500 kutoka parokia zaidi ya 900. Kikongwe kuliko vyote ni cha Errol, kilichoanza mwaka wa 1553. Siku hizi husomwa kwenye kompyuta, hivyo vumbi halitakusumbua.

Kitakachokusumbua ni mapengo. Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo Januari 1, 1855. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya karani wa kanisa, ambaye mara nyingi ndiye pia mwalimu wa shule. Akiwa mzembe, watoto walibatizwa pasipo kuandikwa. Mwaka wa 1783 serikali ilitoza peni tatu kwa kila jina lililoandikwa, na wengi wakaona heri wazitumie peni hizo kwa mengine. Ushuru huo uliondolewa mwaka wa 1794. Isitoshe, waumini waliojitenga na kanisa hilo mara nyingi hawakuandikwa humo, na vitabu vingine viliharibiwa na moto au unyevu.

Mazishi ndiyo balaa zaidi. Aghalabu hutakuta habari za maziko bali ada iliyolipwa kukodi kitambaa cha kufunika jeneza! Tena aliyeanguka Culloden hakufunikwa kitambaa. Wengi walifukiwa pamoja papo hapo uwanjani. Hali kadhalika, parokia nyingi za visiwani zilianza kuweka daftari muda mrefu baada ya vita hivyo.

Majina nayo yana vituko vyake. Jamaa ya Livingstone kwa miaka mingi waliandika Livingston bila "e" ya mwisho, na katika Kigaeli ukoo huo uliitwa kwa jina jingine kabisa, MacLeay. Ukitafuta moja tu, utampita mzee wako njiani.

Hapa ndugu zetu Wakikuyu watatabasamu. Waskoti wa zamani walikuwa na desturi ya kumpa kifungua mimba wa kiume jina la babu mzaa baba, na mwana wa pili jina la babu mzaa mama. Livingstone alipewa jina la David Hunter, fundi wa kushona nguo, baba wa mama yake. Lakini kaka yake mkubwa aliitwa John, ilhali babu mzaa baba alikuwa Neil. Kwa hivyo desturi hiyo ikuongoze, isikutawale.

Kutoka Edinburgh, elekea mji wa Oban, upande feri hadi kisiwa cha Mull, kisha ukivuke hadi pwani yake ya magharibi. Huko utaona ubao. Sukuma kifuniko chake ili rangi nyekundu ionekane, na mwenye mashua atakuja kukuchukua.

Katika miaka ya 1840 Ulva ilikuwa na watu wapatao 600, ambao wengi walitegemea viazi na kuchoma mwani ili kuuza majivu yake. Biashara ya mwani ilianguka, viazi vikaoza, na mwenye kisiwa, Francis William Clark, akawafukuza wapangaji. Kuta za nyumba zao zingali zimesimama bila mapaa. Tangu mwaka wa 2018 ardhi ni mali ya shirika la kijamii la eneo hilo, na wakazi wa kisiwa ni wachache mno.

Babu Neil alikuwa ameshahama, mnamo 1792, kwenda kwenye viwanda vya pamba vya Blantyre karibu na Glasgow. Mjukuu wake anasimulia kwamba mzee huyo aliweza kueleza habari za vizazi sita vya ukoo wao, vyote kichwani.

Ukiwa kisiwani, uliza njia ya kwenda pango la Livingstone, ambamo inasemekana Neil aliishi akingojea nyumba yake ikamilike. Vaa viatu vya matope. Motokaa za wageni haziruhusiwi na mvua ya huko haina msimu.